Mwezi Juu ya Tangi

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika hamsini na tano jioni, Amida alirudi kwenye duka lake la ushonaji pale Landless, Thika, akakuta gauni la harusi la Mourine halipo. Wiki tatu za kushona shanga kwa mkono! Na harusi ilikuwa Jumamosi, Ruiru.

Alikuwa ametoka dakika kumi na nane tu. Saa ya mkononi aliyonunuliwa na bintiye Muna ilikuwa na app ya jua na mwezi, na hakuna siku iliyopita bila yeye kuichungulia. Ilipotetemeka kumwambia jua limezama, alirudishia mlango bila kufuli, akakimbilia kwa Faki, muuza viazi karai wa jirani, kufuturu kwa tende. Ilikuwa siku ya kumi na nne ya mwezi wa Kiislamu, na Amida hufunga siku tatu za katikati, kila mwezi, haachi. Alipotoka kwa Faki, mwezi mzima ulikuwa ndio unachungulia juu ya mabati upande wa mashariki.

Ijumaa saa mbili asubuhi Sajini Kavindu alikuwa pale dukani, tayari amemfunga pingu Oluoch, mlinzi wa jengo.

"Geti moja, mlinzi mmoja, gauni hakuna. Unataka nini tena, mama?"

"Nilienda choo, madam! Dakika tano," Oluoch akasema. "Mama Muna, waambie. Nikilala ndani leo, kazi imeenda. Watoto wangu wanne watakula nini?"

Amida akakaa, akasimama, akatazama saa, akakaa tena. Mlango aliuacha yeye, kwa haraka yake ya tende, na sasa mzee wa watu anaenda ndani. Ilimchoma.

"Na Zacharia?" akauliza. Huyo ni fundi wa chumba cha pili, na kila siku wanagombania wateja.

"Alikuwa kwaya. Watu thelathini walimwona."

"Na Cindy?"

Cindy, mdogo wake Mourine, alikuja Alhamisi mchana kujaribu nguo yake ya usimamizi wa harusi. Aliuliza mara mbili, "Auntie, hata leo umefunga?"

"Alikuwa kwao Kahawa Sukari," sajini akasema. "Saa kumi na mbili na arobaini na tano aliweka picha kwa status. Anasema ndio alikuwa ameipiga."

Akamwonyesha. Cindy kwenye paa la nyumba yao, anatabasamu, jua limetoka tu kuzama, na juu kabisa angani, juu ya tangi la maji, nusu mwezi.

Amida akairudisha app nyuma siku moja moja kwa kidole. Akasimama.

"Nitamwita Cindy aje ajaribu nguo tena. Na usimtoe huyu mzee hapa kwanza."

Cindy alifika saa nne. "Sasa Auntie?"

"Cindy, hii picha ni ya jana?"

"Eeh, jana jioni. Si nilisema?"

"Jana mwezi ulikuwa mzima, na jua likizama ndio ulikuwa unachomoza, chini kabisa. Niliuona. Wako ni nusu, na uko utosini."

"Aki Auntie, wacha hizo. Mwezi ni mwezi."

"Si hivyo." Amida akamwekea mkono wenye saa mbele ya macho. "Tazama Alhamisi ya wiki iliyopita, saa ya jua kuzama. Nusu, na juu. Picha ni ya wiki jana. Na uliniuliza mara mbili kama nimefunga, ukajua nitatoka saa ngapi."

Cindy akacheka, kicheko kikakatika. Akaketi juu ya majora ya vitambaa.

"Gauni liko wapi?" sajini akauliza.

"Chini ya kitanda cha Mum. Sijaliharibu. Nilitaka tu harusi isogezwe." Machozi yakamtoka. "Mum amepooza miaka minne. Kumgeuza tunamgeuza mimi na Mourine, asubuhi na jioni. Jumapili Mourine anaenda Eldoret na bwanake. Hakuna mtu ameniuliza kama nitaweza peke yangu. Wanaongea tu keki!"

Sajini akafungua pingu. Oluoch akasugua mikono, akamtazama msichana.

"Na mimi ningeenda ndani?"

"Mzee, wewe hata sikukufikiria," Cindy akasema kwa sauti ndogo.

Oluoch akatikisa kichwa, akarudi getini.

Amida akampigia bibi harusi simu. "Mourine, gauni lipo. Lakini kabla ulivae, kaa chini na dadako. Leo."

Jioni saa ilipotetemeka, Amida alitia kufuli mlangoni. Kisha akaenda mpaka getini na ule ufunguo ambao hakuwahi kumwachia mtu, akauweka mkononi mwa Oluoch.

"Nishikie," akasema. "Naenda kufuturu."