Tailizi za Gereji Yetu, Kamunyonge

"Wankyo, naomba usibandue nyingine."

Mume wangu alikuwa amepiga magoti mlangoni mwa gereji, saa nne asubuhi, mbele ya fundi. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sikuwahi kumwona Masatu akipiga magoti hata kanisani...

Ndugu zangu mnaosoma, hii ni 1992, Kamunyonge, Musoma. Bidhaa zilikuwa zimerudi madukani na sisi tumenunua pikapu ya mtumba. Masatu akasema gereji lazima iwekwe tailizi za plastiki.

Nikashangaa. Sebuleni kwetu saruji tupu, gari ndo litandikiwe?

Tulienda wote madukani Mukendo kuchagua. Nilitaka zinazong'aa. Muuzaji akasema hizo zinatelezaga zikilowa, tuchukue nene za kijivu, zenye uso wa kukwaruza.

Fundi Keraryo akasugua oili yote kwa sabuni ya unga, akaacha sakafu ikauke, akapiga mstari wa chaki katikati, ndo akaanza kupaka gundi.

Wiki haijaisha, za katikati zikabanduka. Keraryo akasema saruji ya pale imetitia, ivunjwe imwagwe upya. Masatu akakataa, akataka gundi iongezwe tu. Zikabanduka tena.

Siku Masatu alipoondoka kwenda Bunda, nikamwita Keraryo tuvunje. Nimefika tailizi ya nne, mume wangu huyo mlangoni. Basi lilikuwa limeharibika njiani, akarudi.

"Kuna nini hapa chini?" nikamuuliza.

Akaweka kiganja juu ya ile saruji.

"Clementi."

Clementi ni kaka yangu...

Mwaka 1983, wakati wa msako wa walanguzi, Clementi alikuwa na sukari na sabuni alizoficha. Siku moja akapotea. Masatu akatuambia kavuka mpaka wa Sirari, yuko Kenya. Mama yetu, Dafroza, alikaa miaka tisa kule kijijini Bugwema akisubiri barua.

Kumbe Masatu alimficha kwenye shimo la kukagulia gari, hapo hapo gerejini, akafunika mbao na magunia, akasukuma gari bovu juu. Mimi hakuniambia, aliogopa nitaropoka. Jioni ileile polisi wakaja kumkamata yeye Masatu. Wakamweka ndani siku mbili.

"Siku mbili, Masatu. Hukumwambia mtu?"

"Niliogopa. Ningesema, tungefungwa wote. Nilivyorudi... alishakufa."

Ndo maana alipoachiwa tu alinipeleka Butiama kwa shangazi nikapumzike. Niliporudi nilikuta shimo limefukiwa. Alisema lilikuwa linaingiza maji.

Masatu alijipeleka polisi mwenyewe mchana uleule. Kaka yangu tulimzika Bugwema. Sikurudi tena kwenye ile nyumba.

Baada ya maziko mama aliniita pembeni, akaniuliza taratibu:

"Na wewe, siku hizo mbili ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nyumbani, mama."

Akanishika mkono, akasema pole mwanangu.

Sasa nawaambia ambacho mama alikufa bila kukijua. Siku ya kwanza Masatu akiwa ndani, nilisikia kugonga. Kugonga kwa polepole, kunaacha, kunaanza. Nilijua ni jirani anatengeneza bati lake. Kesho yake nikasikia mara mbili tatu tu... nikaongeza sauti ya redio.

Nimeandika haya kwa sababu moja. Ukisikia kitu usichokielewa ndani ya nyumba yako, inuka ukaangalie. Mimi ningetembea hatua ishirini tu.