Chungu Kisicho na Mama

Chai ya Bu Lastri ilinuka shombo. Aliimwaga, akasugua kikombe kwa sabuni, akamimina nyingine, na shombo likawa lile lile, la damu iliyolala.

"Mbak Retno, dada yangu, hebu nusa hii. Au mimba inakukataza?"

Retno, mwenye ujauzito wa miezi saba, alinusa mara moja tu akakimbilia sinki.

Hapo ni kliniki moja ya uzazi, mjini Klaten, kisiwani Java. Retno ndiye aliyekuwa akiendesha kanzidata mpya, na Bu Lastri, mama muuguzi wa miaka mingi, hakuipenda hata kidogo.

"Daftari letu lilikuwa na kosa gani?" alinung'unika, akifungua madirisha.

"Daftari huliulizi likakujibu, Bu. Humu kuna jedwali la akina mama, la watoto, na la vyungu vya kondo la nyuma, vinavyosubiri familia zije kuvichukua. Kila mstari una namba yake, haifanani na nyingine. Mtoto anabeba namba ya mama yake, chungu kinabeba namba ya mtoto. Halafu kuna programu inayosimamia yote. Mtoto asiye na mama haingii."

"Kali kuliko mama mkwe!"

"Na ukimfuta mama, inafuta na vyote vilivyo chini yake."

"Astaghfirullah. Mashine hiyo, au Firauni?"

Wakacheka. Kicheko kile kinanichefua hata mimi ninayesimulia, mpaka leo, kwa sababu juma lile Retno alikuwa akifuta majina yaliyojirudia. Alikuta akina Ngatinah wawili. Kwetu Java mtu kuwa na jina moja tu si ajabu, na hawa walikuwa wa kijiji kimoja, waliozaliwa mwaka mmoja. Hakupiga simu kuuliza. Alimfuta mmoja, akaenda kula.

Yule aliyemfuta alikuwa mtu wa pili kweli, tena ametoka kujifungua. Mumewe alisafiri kutoka mashamba ya michikichi ya Kalimantan aje kuliosha kondo na kulizika mlangoni, maana kwetu kondo ni ndugu wa mtoto, si taka. Dirishani akaambiwa mkewe hayumo kwenye mashine. Akaondoka mikono mitupu, ameinamisha kichwa.

Bu Lastri alifuata shombo mpaka kwenye friji, akatoa chungu kinachochuruzika.

"Hiki cha nani?"

Retno alijua papo hapo: ni cha yule Ngatinah aliyemfuta. Alijua pia kwamba mkataba wake unakaribia kwisha, na kukiri kosa ni kuukosa mwingine. Akajaribu kukiingiza upya. Programu ikakataa: chungu hakiingii bila mtoto, mtoto haingii bila mama. Basi akaandika mtoto asiye na jina, na penye mama akajaza namba yake mwenyewe, aliyopewa alipoanza kliniki ya wajawazito.

"Kwa leo tu," alijiambia, akabonyeza.

Kitu kikanyonya chini ya meza.

Alidhani ni bomba la maji, akainama kutazama, na alipoinama shombo likampanda usoni, zito, la terasi, kile kiungo cha uduvi uliovundikwa, iliyoozea juani, likamwingia puani na mdomoni mpaka akahisi utelezi juu ya ulimi, na sauti ile ya kunyonya ikapanda kwenye kiti, ikapanda kwenye paja, ikatulia kifuani, na alipofunua blauzi akakuta maziwa ya manjano yanamtoka, mazito kama usaha, yamechanganyika na vinyweleo.

"Mama," kitu kikanong'ona. "Njaa."

Alitapika mpaka nyongo.

Kesho yake Ngatinah yule aliyefutwa alileta mtoto wake. Kakataa ziwa, tumbo limevimba, fizi zimekuwa rangi ya ini. Retno alimrudisha Ngatinah kutoka kwenye nakala ya akiba, akasema mashine ilikosea. Chungu kikapata mwenyewe. Ule mstari wa mtoto asiye na jina akaufuta kimyakimya.

Bu Lastri hakutosheka. Alimwita Mbah Sarijem, mkunga wa jadi, na mumewe Ngatinah akaliosha kondo lile kwa mikono yake, huku minyoo ikimpanda vidoleni. Likazikwa kwa chumvi na maua, taa ikawashwa juu yake. Jioni ile mtoto alinyonya.

Mbah Sarijem akamgeukia Retno. "Ndugu huyu alipokuwa hana mama, kuna aliyemwitikia kama mama? Niambie, nduk, binti yangu, nimtoe leo leo. Akishakua simuwezi."

Bu Lastri alikuwa amesimama pale pale. Meneja wa kliniki pia, mwenye kuamua mkataba wake.

"Hakuna, Mbah."

"Mficha uchi hazai."

"Hakuna, wallahi."

Kikongwe akatema mate pembeni, akafunga kanga yake, akaenda zake.

Retno alijifungua salama, binti, na shombo lilikuwa limekwisha zamani. Alimkumbatia mwanawe akalia kwa furaha. Bu Lastri aliketi kwenye kompyuta kumwandikisha.

"Mbak, huyu si wa kwanza?"

"Wa kwanza, Bu. Kwa nini?"

"Jedwali linaniandikia wa pili. Wa kwanza yupo hapa juu, hana jina."

Retno aliinama kumtazama mwanawe. Binti yake alikuwa amegeuza uso, anakataa ziwa la kulia, analia kwa kuchefukwa. Ziwa la kushoto, lililofunikwa na shuka, lilikuwa likinyonywa.