Hodi ya Kabatini

Hodi hupigwa na aliye nje. Hilo hata mtoto analijua. Lakini asubuhi ile hodi ilitoka ndani, kwenye kabati ambamo mwandishi alitunza miswada yake iliyokataliwa.

Alikuwa ameshika barua ya tisa ya wachapishaji. Zote zilianza vilevile: "Tumeisoma kwa furaha, lakini." Miaka sita ya kuandika riwaya bila mwajiri, huku majirani wakimwita Profesa kwa kumtania, ilikuwa imemchosha mno. Aliposikia hodi, mdomo ulitangulia akili.

"Karibu," akasema.

Mlango wa kabati ukafunguka kidogo, ikatoka harufu ya karatasi mbichi inayoungua. Hakutoka mtu.

Tangu siku hiyo kila hadithi iliharibikia mkononi mwake. Aliandika juu ya mjane anayemsubiri mwanawe kituoni, mara mkono ukaenda wenyewe, na mjane yule akamgeukia mwandishi akamwambia: Tumeisoma kwa furaha, lakini. Aliogopa sana. Kuandika ndiyo kazi pekee aliyoiweza duniani.

Dada yake, fundi cherehani, akamleta mganga mchana kweupe.

"Nani alimkaribisha huyo aliyebisha?" mganga akauliza kwa sauti ya chini.

"Mimi. Nilidhani ni tarishi."

"Kabatini, kaka?" dada akanong'ona.

Mganga hakucheka. "Amekaa kwenye karatasi zako. Zichome zote, kisha umuage."

Miswada tisa ikateketea uani. Mwandishi alilia bila kujificha, akasema kwaheri, na ile harufu ikaondoka.

Kesho yake, jua likiwa limejaa chumbani, alikaa mezani akaandika sentensi ya kwanza, ikawa nzuri kuliko zote alizopata kuandika, akaandika ya pili huku moyo ukimwenda mbio kwa tumaini alilokuwa amelisahau, na alipoinua kalamu aanze ya tatu akasikia, si kabatini, maana kabati lilikuwa tupu, wala si mlangoni, bali chini ya mbavu zake mwenyewe, pale pumzi inapoanzia, sauti ya upole ikibisha:

"Hodi."

Akaitupa kalamu, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kutoka ndani, sauti yake mwenyewe ikaitikia:

"Karibu."