Kicheko Kilichomnyamazisha Fundi Viatu

Kila akitoka shule, Kasuku, binti wa darasa la sita, hupitia dukani kwa mama yake, fundi cherehani, akafagia vipande vya vitambaa na kuokota pini. Jina hilo la utani alilipata kwa kuiga sauti za watu. Mteja akitoka tu, huku nyuma Kasuku ameshakuwa yeye, na mafundi wawili wanaomsaidia mama hucheka hadi cherehani zinasimama.

Siku moja fundi viatu wa jirani alikuja kujaribu suti. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na alimwomba baba yake aseme maneno machache mbele ya wageni. Kwa mtu mwenye kigugumizi hilo si jambo dogo, lakini mzee alikuwa na furaha tele. Alipotoka, Kasuku akalivaa lile koti lililobaki kutiwa vifungo, akapanda kwenye kigoda.

"Ma-ma-mabibi na ma-ma-mabwana!"

Mafundi wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza ghafla. Mzee alikuwa mlangoni, amerudi kufuata miwani aliyoisahau. Akaichukua, akamwambia mama kwa upole kwamba suti asiihangaikie tena, mdogo wake yeye mzee ndiye atakayesema harusini. Akaenda zake.

Kasuku akajitetea kwamba alikuwa anatania tu. Utani gani huo wa kumtonesha mtu kidonda! Mama hakumfokea, na heri angemfokea.

"Unajua hiyo inaitwaje?" aliuliza. "Dhihaka. Neno hilo tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kucheka tu. Kucheka si kosa, mwanangu. Lakini dhihaka ni kicheko kinachomwacha nje yule anayechekwa. Nyinyi mlicheka. Yeye je?"

Kasuku akalia. Alitaka kwenda kuomba radhi kimyakimya, mama akakataa: mzee aliaibishwa mbele ya watu, basi radhi nayo iombwe mbele ya watu hao hao. Mama mwenyewe akaenda kumsihi, na kesho yake mzee akaja, shingo upande.

"Nisamehe, babu," Kasuku alisema, mafundi wameinamisha vichwa. "Nilikukosea."

"Ni-nimekusamehe. Lakini nikisimama pale, ni-nitasikia sauti yako."

Kasuku akamwomba afanyie mazoezi hapo dukani, yeye amsikilize. Mzee akasita, akakubali. Kila jioni Kasuku alimsikiliza bila kumdakia neno, ingawa ulimi ulimwasha kweli kweli.

Jumamosi, katika ukumbi wa harusi, Kasuku na mama yake wakiwa miongoni mwa wageni, mzee alisimama ndani ya suti yake. Neno la kwanza likakwama, ukumbi ukawa kimya. Kasuku alitamani ardhi ipasuke. Kisha mzee akatabasamu.

"Msi-msiogope. Chakula hakipoi, ni-nimekiuliza."

Ukumbi mzima ukacheka, naye akacheka kuliko wote. Akasema yake yote hadi mwisho, bibi harusi akifuta machozi.

Baadaye alimwita Kasuku kando, akamshika bega.

"Usiache kuchekesha watu, mjukuu wangu. Ila mtazame kwanza yule unayemsema. Kama yeye hacheki, nya-nyamaza."