Ametangulia

Tryphosa Walubengo alifika chuoni siku ya kuripoti akiwa na godoro, ndoo, na kitambaa cheusi alichojifunga kichwani mpaka karibu na nyusi. Chuo chenyewe ni kidogo, cha walimu wa chekechea, upande wa Kapsoya hapa Eldoret. Bweni la wasichana ni moja tu, lenye mabati juu na korido ndefu katikati. Jua lilikuwa zuri asubuhi hiyo. Wazazi walibeba masanduku, wasichana walipigana vikumbo mlangoni, na kila mmoja alijitia hana wasiwasi.

Bwenini aliyetawala ni matroni, Mama Waithira, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kujisifu kwamba yeye na karatasi ni mbali na mbali. Majina yote aliyaweka kichwani, na akishakupangia chumba, hata mwalimu mkuu hakuhamishi. Aliposikia jina la Walubengo uso ulimchanua.

"Kumbe nyinyi ndio wale mapacha. Nimewawekea chumba cha mwisho, mlale pamoja. Mwenzako ako wapi?"

Tryphosa alifungua mdomo. Neno alilotakiwa kulisema lilikuwa moja tu, na nyumbani kwao hakuna aliyekuwa amelitamka. Mchungaji alilizunguka akasema ametangulia. Mama yake, Maximilla, anayeuza maharagwe sokoni Soy, wateja wakimuuliza habari za yule binti mwingine huinamisha kichwa akasema ametangulia. Basi na yeye akasema hivyo hivyo.

"Ametangulia."

"Ametangulia na sijamwona?" Mama Waithira akacheka. "Nyinyi watoto wa siku hizi. Mtu anaingia kwa nyumba ya watu bila salamu. Haya, shika funguo zote mbili. Mwambie kitanda chake ni kile cha dirishani."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, na Tryphosa hakusema. Nyuma yake foleni ilikuwa inamsukuma. Lugha yetu ina upole mwingi mno kwa wafu, na upole huo siku nyingine hututia taabuni. Alizipokea funguo mbili, zikiwa bado na joto la mkono wa matroni, akaenda zake chumba cha mwisho. Ndivyo Joy alivyopewa kitanda.

Nieleze kidogo kuhusu Joy, maana bila yeye hakuna habari. Alikuwa pacha wa Tryphosa, mwenye mdomo na mwenye mikono. Mdomo wa kuchokoza watu sokoni, mikono ya kusuka. Wote wawili waliitwa kujiunga na chuo kimoja, na kwa furaha hiyo Joy alimkalisha dada yake kwenye kigoda nyuma ya nyumba amsuke mistari. Kila mstari alioumaliza aliufunga ncha kwa uzi wa bluu, fundo mara mbili, kwa sababu aliogopa kuchovya ncha kwenye maji moto kama wasusi wengine. Alipofika kisogoni nywele za kuongezea zikaisha. "Usiinuke," akamwambia. "Naenda kwa kibanda kununua zingine. Nikimaliza tunaenda pamoja." Walikuwa waende mjini kununua magodoro. Lori la mahindi lililokatika breki lilimkuta Joy kando ya barabara, na Tryphosa alikuwa bado ameketi kwenye kigoda, kisogo wazi, watu walipokuja wakikimbia.

Walimzika na sweta yake ya shule, na mama yao akatia kile kibonge cha uzi wa bluu mfukoni mwa sweta. Baada ya mazishi ikaja siku ya kunyoa, kama ilivyo desturi kwao. Familia nzima ikakaa mstarini, nywele zikaanguka. Zamu ya Tryphosa ilipofika alishika kichwa kwa mikono miwili. "Msiniguse. Hajamaliza." Bibi yao, Kukhu, aliuweka wembe chini. Alisema watamwacha, lakini mtoto huyu bado yuko matangani, hata akienda wapi.

Ndiyo maana ya kile kitambaa. Chini yake mbele kulikuwa na mistari ya Joy, imeanza kulegea, na nyuma nywele tupu.

Jioni ile ya kwanza Mama Waithira alipita koridoni akiita majina kabla ya chakula. Kila mlango ulijibu. Alipofika mwisho akaita, "Tryphosa?"

"Niko."

"Joy?"

"Niko."

Mama Waithira akaenda zake akiburuta sandali. Tryphosa alibaki amesimama na sahani mkononi. Midomo yake haikuwa imesogea.

Unadhani alikimbia? Hakukimbia. Alilia, ndiyo, lakini kilio cha mtu aliyefunguliwa mlango. Alitandika kile kitanda cha dirishani kwa shuka lake la ziada, akaweka mto, akasema, "Usiku mwema, Joy," na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alilala usingizi wa kweli.

Eldoret mvua hupenda kuja mchana. Baada ya vipindi wasichana hujifunika blanketi, mabati yakapiga kelele mpaka mtu hasikii hata mawazo yake. Mchana mmoja wa namna hiyo Tryphosa alisinzia kifudifudi. Alipoamka kitambaa kilikuwa sakafuni. Alipapasa kisogo. Kulikuwa na mstari mpya, umebana, ngozi bado inauma. Alishuka na vidole mpaka mwisho akakuta fundo, mara mbili. Alilivuta mbele ya macho. Uzi ulikuwa wa bluu.

Mvua iliyofuata, mwingine. Na mwingine. Mistari ilishuka kuelekea shingoni, na Tryphosa aliingoja mvua kama watu wanavyongoja mshahara. Alianza kukosa vipindi. Chakula alichukua sahani mbili, moja akaiweka dirishani ipoe.

Kulikuwa na msichana mmoja, Wanja, wa kutoka Kaptagat, aliyechelewa kuripoti akakosa kitanda. Mama Waithira alimlaza kwenye chumba cha kupigia pasi, chini, kwenye simenti yenye baridi, na kikohozi chake kilisikika korido nzima. Wanja hakuwa na kinyongo. Siku moja alimkuta Tryphosa bombani akifua.

"Sisto yako ni mpole aje," alisema. "Jana nilichungulia kwenu kuomba kiberiti. Alikuwa anakusuka, wewe umelala. Nikamsalimia, hata hakugeuka."

Tryphosa aliacha kufua. "Ulimwona uso?"

"Ningeuonaje na alikuwa ameinama? Niliona tu sweta. Imelowa tope hapa nyuma yote." Wanja akakohoa, akapunguza sauti. "Alikuwa ananong'ona: Nikimaliza tunaenda pamoja. Anarudia tu hiyo. Kwani mnaenda wapi?"

Povu lilikuwa limemkauka Tryphosa mikononi. Alikuwa ameisahau ile nusu ya pili. Siku zote hizo alikumbuka kusukwa, hakukumbuka kwamba baada ya kusukwa kulikuwa na safari. Aliinua mkono akapapasa kisogo. Palibaki mahali pa mstari mmoja tu, pale chini, juu ya shingo.

Hapo angeweza kwenda kwa Mama Waithira akasema ukweli. Angeweza pia kulala mahali pengine. Alijua. Lakini alijua pia kwamba akisema, kitanda kitapewa mwingine, na Joy atakuwa hana mahali duniani anapoitwa jina lake. Moyo ulimuuma kweli. Mama yake alikuwa amebaki na mtoto mmoja, na mtoto huyo hakuwa na hakika kama anataka kubaki.

Mvua ya siku ile ilikuja na mawe. Tryphosa alikuwa amekaa kitandani, macho wazi, hakusinzia. Mabati yalilia. Chumba kikawa giza la mchana. Kitanda cha dirishani kikatoa mlio mdogo, kama wa mtu anayeondoa uzito wake.

Hakugeuka.

Harufu ilimfikia kwanza. Mafuta ya nywele ya Joy, na udongo chini yake. Kitambaa kikavutwa. Polepole. Vidole vikagusa shingo. Vilikuwa baridi, na alivijua.

"Usiinuke."

"Siinuki," alinong'ona Tryphosa.

Nywele zikagawanywa. Mstari ukaanza. Machozi yalimtiririka akayaacha. Hakuna mtu aliyewahi kumshika kichwa namna ile, na hakuna atakayemshika tena. Vidole vilishuka. Vikashuka tena. Akasikia uzi ukivutwa kwenye kibonge. Fundo la kwanza.

Koridoni, sandali.

Mama Waithira alikuwa anaita majina mapema kwa ajili ya mvua. Mlango baada ya mlango. Wanja alijibu kutoka chumba cha pasi kwa kikohozi. Sandali zikasimama nje.

"Tryphosa?"

"Niko."

"Joy?"

Vidole vikatulia. Nyuma ya sikio lake Tryphosa alisikia mtu akivuta pumzi ili ajibu.

Aliinuka.

"Hayuko," alisema, na sauti ilimtoka imepasuka. "Mama, Joy hayuko. Joy amekufa. Amekufa tangu nyumbani."

Mkono ulibaki shingoni mwake kidogo, bila kukaza. Kisha ukaondoka.

Mama Waithira alifungua mlango. Alimkuta msichana amesimama katikati ya chumba, kichwa wazi, analia kwa kelele zote alizoyanyima mazishi. "Si uliniambia ametangulia," alisema matroni, na hapo hapo akajisikia alivyosema. Ucheshi wote ulimtoka. Alitaka kuketi kwenye kitanda cha dirishani, akaona shuka limebonyea kwa urefu wa mtu, limelowa. Akaketi sakafuni, na unene wake wote, akamvuta Tryphosa mapajani. "Nisamehe, mtoto wangu. Mimi ndiye nimekuwa nikimwita."

Maximilla, aliyepigiwa simu na matroni, alikuja kutoka Soy kesho yake na wembe. Alimkalisha binti yake kwenye kigoda uani. Alipofungua kitambaa akaona kisogo kilivyosukwa, na uzi wenyewe, aliugeuza vidoleni, kwa maana aliukumbuka mfuko alioutia. Alianza kunyoa kuanzia mbele. Alipofika kwenye ule mstari wa mwisho, wenye fundo moja, alisimama. "Joy wangu amekufa," alisema. Ndiyo siku alipolisema. Nywele alizifunga kwenye kile kitambaa cheusi akaenda kuzifukia kando ya kaburi.

Kitanda cha dirishani kikapewa Wanja. Kikohozi chake kilipona, akaleta maua ya plastiki, akaimba akifua. Tryphosa alirudi darasani na kichwa kilichong'aa, akazoea kutaniwa. Mama Waithira alipoita majina alipita jina moja kimya. Mvua zilikuja zikaenda. Tryphosa alilala kifudifudi, kisogo juu, na hakuna kilichomgusa.

Mchana mmoja wa mvua aliamka akamkuta Wanja amekaa kwenye kitanda cha dirishani, anajipapasa nyuma ya kichwa.

"Umenisuka saa ngapi?" aliuliza Wanja. "Umebana vizuri. Lakini mbona mmoja tu? Malizia basi."

Tryphosa alimsogelea. Ulikuwa mstari mmoja, mnyoofu, na mwishoni uzi wa bluu, fundo mara mbili. Hakuogopa. Kitu kilichomchoma pale kifuani kilikuwa wivu, na aliona aibu kwa sababu yake. Alipanda kitandani akakaa nyuma ya Wanja, akaufumua mstari ule taratibu, mpaka nywele zikaachana. Uzi ulibaki kiganjani mwake, umelowa, una udongo mwekundu.

Akageukia dirisha.

"Si huyu, Joy," alisema kwa sauti ya chini. "Mwache huyu. Aliyeinuka ni mimi."