Aliyekula kwa Musimbi

Jumamosi ya soko, butcheri ya Mzee Waweru ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Watu wa Yamumbi walikuwa wameshuka mjini Eldoret na vikapu vyao, panga lilikuwa likilia juu ya gogo, na Nyaguthii, binti wa mwenye duka, aliketi nyuma ya dirisha la waya akipokea pesa na kurudisha chenji. Alikuwa amevaa blauzi ya manjano yenye mabega yaliyotuna, na nywele alizisuka jana yake. Wateja walimwambia amependeza, naye aliwajibu, "Kilo ngapi?"

Ndipo sauti ya mwanamume ikasema, "Samahani, dada. Naomba mnipimie baiskeli."

Foleni nzima ikageuka. Nyaguthii akainua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu, mwembamba, amebeba baiskeli ya mashindano begani. Alivaa kaptura nyeusi ya kubana, ya aina ambayo mama watu wazima huitazama, wakageuka, halafu wakaitazama tena.

"Umesema nini?"

"Baiskeli. Nataka kujua uzito wake. Nimeuliza duka zote, hakuna mtu ako na mizani ya kuning'iniza."

"Hapa tunapima nyama."

"Naona. Ndiyo maana nimeomba, sijaamuru."

Mzee Waweru alikuwa mtu wa kupenda vioja. Akashusha paja la ng'ombe kutoka kwenye ndoano, akaning'iniza baiskeli mahali pake, chini ya picha ya rais. Watu wakacheka hadi machozi. Mama mmoja akapaza sauti akatiwe upande wa mbavu.

"Sasa umetumia mizani yetu," Nyaguthii akasema. "Nunua hata nusu kilo."

"Mimi sili nyama, dada."

"Ni kanisa imekukataza?"

"Hapana. Sili tu. Nyama, maziwa, mayai, zote sili."

"Hata maziwa? Sasa wewe unaishi na nini?"

"Na njaa," kijana akasema akitabasamu. "Lakini ukinikaribisha, nitaishi na kunde."

Nyaguthii akasahau kumrudishia chenji mteja aliyefuata. Mapenzi yalianza hivyo, kwenye harufu ya damu na vumbi la mbao, kati ya binti wa mchinjaji na mtu asiyekula nyama. Mungu naye hupenda vioja.

Kijana huyo aliitwa Shitanda. Nyumbani kwao ni Kakamega, lakini alikuwa karani katika ghala moja la mahindi na alipanga chumba mtaa wa Munyaka. Kila alfajiri alipanda baiskeli kabla ya kazi, akaenda hadi Cheptiret na kurudi, na jioni akatoka tena. Utotoni alichunga fahali wa babu yake, na fahali huyo alipochinjwa kwenye matanga ya jirani, Shitanda alishindwa kumeza. Tangu siku hiyo hakula kitu cha mnyama. Baadaye akagundua kwamba wenzake waliokula nyama walikuwa wakimwona mgongo tu kwenye milima.

Mji mzima ulikuwa na maoni. Wanariadha walimwambia bila maziwa mifupa itavunjika. Mzee Waweru alimwuliza, nusu mzaha, nusu kwa hofu, "Serikali inawapa watoto wa shule maziwa bure, na wewe unakataa. Unapinga serikali?"

"Hapana, Mzee. Naachia watoto maziwa yangu."

Nyaguthii alijifunza kumpikia. Alipika githeri bila mafuta ya mnyama, akaponda viazi na majani ya malenge, akafunga kwenye bakuli la bati na kumpelekea. Siku moja alimjaribu.

"Umeweka maziwa," Shitanda akasema, kijiko kikiwa bado mdomoni.

"Kidogo tu! Umejuaje?"

"Mpenzi, ulimi wangu si wa kukopa."

Nyaguthii alicheka, na moyoni alifurahi kupita kiasi. Huyu mtu hakula kwa mama yeyote wa hoteli, hakula kazini, hakula harusini. Alikula kwa mkono wake yeye. Na Nyaguthii, tuseme ukweli, alikuwa na wivu wa kuweza kuchemsha chai. Simu ya butcheri nayo ilimzidishia. Mzee Waweru alikuwa ameifunga kufuli ili wafanyakazi wasipige, kwa hiyo Nyaguthii aliweza kupigiwa tu. Simu ikilia alijibu kabla haijalia mara ya pili, na isipolia alijiuliza Shitanda yuko na nani.

Tatizo lilikuja siku Shitanda alipoalikwa nyumbani. Mama yake Nyaguthii aliandaa mbuzi. Mzee Waweru mwenyewe akachagua mbavu zilizonona na kuziweka mbele ya mgeni.

"Asante sana, Mzee, lakini…"

"Lakini nini?"

"Nitakula viazi."

Mzee Waweru hakupiga kelele. Alisubiri mgeni aondoke, akamwambia binti yake, "Mwanamume anayekataa nyama mezani kwangu amemkataa mtoto wangu. Hata akileta mahari ya ng'ombe mia, sitampokea. Mwambie hivyo."

Nyaguthii alimwambia, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kunyamaza. Shitanda aliinamisha kichwa, akazungusha pedali ya baiskeli kwa kidole.

"Nipe muda kidogo," akasema.

Kuanzia hapo akabadilika. Bakuli la bati lilirudi chakula kikiwa nusu. "Nimeshiba," alisema, na nusu iliyobaki haikuwa imeguswa na kijiko. Simu za jioni zikakatika. Nyaguthii akipiga mahesabu ya kichwa usiku, kila jibu lilivaa rinda.

Kisha Warigia, rafiki yake wa saluni, akaingia butcheri bila kununua kitu.

"Nyaguthii, keti."

"Nimeketi."

"Basi shika meza. Nimetoka Cheptiret kuona shangazi. Kuna hoteli hapo ya mwanamke anaitwa Musimbi. Mtu wako ako ndani, anakula nyama."

"Shitanda hali nyama."

"Basi ni pacha wake, na ameiba baiskeli yake."

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kesho yake Mzee Waweru alikuwa anaenda Cheptiret kutazama ng'ombe wa kununua, na Nyaguthii akapanda pikapu, akisema anataka hewa safi. Baba yake aliposhuka kuongea na wafugaji, yeye alikuwa ameshaiona baiskeli, imeegemezwa ukutani chini ya kibao kilichoandikwa HOTELI. Akachungulia dirishani.

Shitanda alikuwa ameinamia sahani ya nyama. Aliyeketi mkabala naye, karibu kupita haja ya biashara, alikuwa mwanamke mnene wa mwili laini, kitambaa chekundu kichwani, vipuli vikubwa masikioni. Na mwanamke huyo alikuwa akimpangusa jasho la paji la uso kwa leso yake.

Wivu haukumpanda Nyaguthii pole pole. Ulimjia wote kwa pamoja. Kama angewakuta wakibusiana, pengine isingemuuma sana hivyo. Lakini nyama! Kwake mtu alikataa, kwa baba yake alikataa mbele ya mama yake, na hapa anakula kwa mkono wa mwanamke wa barabarani. Akaingia.

"Karibu, dada," Musimbi akasema. "Chai?"

"Sijakuja kunywa. Nimekuja kuona mtu ambaye hali nyama."

Shitanda akasimama, mdomo umejaa. Alitaka kusema, akashindwa kumeza, akashindwa kutema.

"Nyaguthii, ngoja…"

"Kula. Usiache, imenona. Kwangu ulikuwa unatafuta maziwa kwa ulimi kama polisi. Kwake hata mifupa unafyonza!"

"Si vile unafikiria."

"Na vile yeye anakupangusa, pia si vile nafikiria?"

Aligeuka, akatoka, na viatu vyake vyeupe vya mchuchumio vikakwama kwenye matope ya ng'ombe. Akaviacha hapo hapo na kupanda pikapu peku.

Simu ya butcheri ililia siku hiyo, ikalia kesho yake.

"Nyaguthii, nisikilize kidogo…"

"Butcheri ya Waweru. Tunauza nyama. Ukitaka ya bure, enda Cheptiret." Na akaikata.

Usiku alilia, asubuhi akajipodoa, na wateja wakaulizwa kilo ngapi kwa ukali ambao hawakuuzoea. Kilichomkera zaidi ni kwamba alikuwa bado anapika kunde za Shitanda kila Alhamisi, mkono ukifuata mazoea hata moyo ukikataa, kisha anampa jirani.

Sikukuu ya Madaraka ikafika. Waendesha baiskeli wangetoka mjini Eldoret hadi Timboroa na kurudi, na kila mtu alijua mshindi atakuwa Shitanda. Nyaguthii aliapa hataenda. Lakini kulipopambazuka alikuwa anapiga pasi blauzi ya manjano.

Barabara ilijaa watu, bendera za karatasi, wanafunzi na filimbi zao. Mpanda baiskeli wa kwanza akapita, si Shitanda. Wa pili akapita, kisha kundi zima. Watu walianza kutawanyika ndipo alipoonekana, akisukuma baiskeli kwa mkono, midomo imekuwa myeupe, shati lake limelowa matapishi. Nyaguthii akataka kumkimbilia, na kabla hajapiga hatua akamwona Musimbi upande wa pili wa barabara, kitambaa kile kile chekundu, ameshika chupa ya chai.

Wivu ukaitangulia huruma. Akavuka.

"Umekuja kuchukua mtu wako?"

Musimbi akamtazama kutoka blauzi hadi viatu. "Wewe ndiye Nyaguthii. Viatu zako niliosha, ziko kwangu."

"Sitaki viatu. Nataka kujua tangu lini."

"Tangu baba yako aongee." Musimbi akaweka chupa chini. "Sikia, dada. Huyu mtu alikuja kwangu akasema, nifundishe kula nyama. Nikacheka. Akasema kuna mzee anataka kumwona akila. Alikuwa anafunga macho kama mtu anameza kwinini, anaita jina lako, anameza. Halafu anatoka nje kurudisha. Mimi nilikuwa nampangusa kwa sababu alikuwa anakaribia kuzimia kwa meza yangu. Angefia hapo, hoteli yangu ingepata sifa gani?"

Nyaguthii akaitazama ile chupa ya chai.

"Na nisikudanganye," Musimbi akaendelea, sauti imeshuka, "ni mwanaume mzuri. Lakini kama ningekuwa namtaka, ningempikia kunde. Mtu anapenda kunde, utamlisha nyama ya nini?"

Alimpa ile chupa ya chai ya rangi na kuondoka.

Shitanda alikuwa ameketi kwenye ukingo wa veranda ya duka, kichwa katikati ya magoti. Nyaguthii akaketi kando yake, blauzi na yote.

"Wewe ni mjinga," akasema.

"Najua."

"Baba alisema. Mimi je, nilisema nini? Uliniuliza?"

"Nilitaka unione nimeshinda. Sikutaka unione nikitapika."

"Badala yake nilimwona Musimbi akikupangusa. Bora ningekuona ukitapika, Shitanda. Ningekushikia ndoo."

Alimmiminia chai, akamshikia kikombe hadi akamaliza. Aliona mbavu zilivyojitokeza chini ya shati, akajua ni yeye na baba yake waliozichora. Machozi yakamtoka.

"Nyama usile tena. Si kwangu, si kwa baba. Na kwa Musimbi ndiyo kabisa!"

Shitanda akacheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. "Na mzee?"

"Mzee niachie. Wewe umewahi kushika kisu?"

"Cha vitunguu."

"Basi kuja butcheri Jumatatu ukitoka kazini. Na mwambie babu yako ajitayarishe, utaleta wazee."

"Unaniambia nini, Nyaguthii?"

"Nakuambia hivyo. Ama unataka nipige magoti mimi?"

Basi mtu asiyekula nyama akawa anashinda butcheri kila jioni. Nyaguthii alimfundisha kutafuta kiungo kwa kidole gumba, kupitisha kisu bila kugonga mfupa. Shitanda alikuwa anakata uso umegeuzwa, lakini alikata. "Huyu anatafuta kazi?" Mzee Waweru aliuliza. "Anajifunza, Baba," binti alijibu, na mzee akaridhika, maana wanafunzi hawalipwi. Wazee wa Kakamega walipobisha hodi na mahari yao, akawapokea, akisema moyoni kwamba siku ya mbuzi ndiyo itakayoamua.

Siku ya ngurario ikafika. Kwa Wakikuyu, siku hiyo bwana harusi hukata kiande, mguu wa mbele wa mbuzi aliyechomwa, mbele ya wazee, akampa mwanamke wake. Bila hilo hakuna ndoa, hata kama kanisa limepiga kengele. Uwanja wa Mzee Waweru ulijaa watu wa pande zote mbili, na Musimbi alikuwa miongoni mwa watu wa Shitanda, vipuli vyake viking'aa.

Shitanda akashika kisu. Akatafuta kiungo kwa kidole gumba, akapitisha, mfupa ukaachana kimya. Akakata kipande, akampa Nyaguthii, naye akakitia mdomoni. Vigelegele vikapaa.

Mzee Waweru akainua mkono. "Na wewe? Huli?"

Shitanda akatazama nyama. Mkono wake ukaanza kwenda kwenye sahani. Nyaguthii akaukamata.

"Baba," akasema, mdomo bado umejaa, "desturi inamtaka akate. Kula ni kwangu. Ama imebadilishwa na nikakosa kuambiwa?"

Nyanya mmoja akasema, "Ni kweli, Waweru." Mwingine akaunga mkono. Mzee Waweru akauokota ule mfupa, akaugeuza juani, akautazama kama anayeangalia ng'ombe sokoni. Hakuna mkwaruzo.

"Wafanyakazi wangu wangekuwa wanakata hivi," akasema mwishowe, "ningekuwa tajiri." Akacheka, na wote wakapata ruhusa ya kucheka.

Ndipo Musimbi akajitokeza na bakuli lililofunikwa. "Kunde za bwana harusi," akasema. "Na simsim."

Nyaguthii akainuka haraka kuliko bibi harusi anavyotakiwa kuinuka. "Asante, dada. Nipe mimi. Leo atakula kwa mkono wangu."

Musimbi akamwachia, akicheka kwa macho. Nyaguthii akaonja kwanza, kuhakikisha. Zilikuwa tamu kuliko zake. Hilo hakumwambia mtu, hata Shitanda, ambaye alifumbua mdomo akala zote.