Kulipita Lori

Machibya alikuwa hajamwona mtoto wake. Mkewe, Josepha, alijifungulia kwa mama yake huko Nansio, ng'ambo ya ziwa. Machibya alikuwa Shinyanga kikazi, wiki tatu nzima. Alimjua mtoto kwa picha za simu tu, na picha haipakatwi.

Siku hiyo alikuwa anaiwahi meli ya saa nane. Kwenye pikapu alimpa lifti jirani yake, Mama Bernadeta, mwalimu wa udereva.

Kabla ya Buhongwa wakakuta lori refu. Dereva wa lori akawasha indiketa ya kushoto, yaani pita.

"Kaniruhusu huyu," Machibya akasema, akatoka kulia.

Lori halikuisha. Mbele likatokea basi, likiwasha taa.

"Rudi!" Mama Bernadeta akapiga kelele.

Machibya akakanyaga breki, akarudi nyuma ya lori. Basi likapita vuu.

"Lakini niko themanini, mama! Lori liko sitini!"

"Unalipita kwa ngapi?"

"Themanini."

"Hapana, baba. Lori nalo linakukimbia. Toa sitini."

"Ishirini."

"Ishirini tu, mwendo wa baiskeli! Kulimaliza lori hilo unahitaji sekunde kumi na mbili. Na basi je? Nalo lina themanini, mnakuja uso kwa uso. Hapo hutoi, unajumlisha."

"Mia na sitini," Machibya akasema taratibu.

"Kwa sekunde hizo kumi na mbili, mnakula zaidi ya nusu kilomita. Ulikuwa nayo?"

"Sikuwa nayo. Lakini si aliniwashia indiketa?"

"Aliona barabara. Nguvu ya pikapu yako hakuiona. Hesabu ni yako wewe."

Machibya akatazama saa. Alitamani sana kumshika mtoto. Hata hivyo alibaki nyuma ya lori, akaacha nafasi ya kutosha, mpaka mjini.

Meli ilikuwa imeondoka. Aliiona ikizidi kuwa ndogo ziwani. Akampigia Josepha simu.

"Nimeikosa, mke wangu. Nilikuwa nyuma ya lori."

Josepha naye alikuwa amemngoja.

"Uko mzima?"

"Mzima."

"Basi njoo kesho. Sisi tutakuwepo. Uwepo na wewe."

Kesho yake, Nansio, Machibya alimpakata binti yake. Hata alipokojolewa, hakumrudisha kwa mama yake.